Mdudu Amekufa, Sumu Imebaki

Barua nne za mwezi huu zimetoka pande nne za Uganda, lakini nilipozipanga mezani niliona kama waandishi wake walikuwa wamekaa mkeka mmoja. Kila mmoja ananiuliza juu ya vitu ambavyo bakteria huvitoa nje ya mwili wake. Nimefanya kazi katika maabara za hospitali kwa miaka 31, na kama kuna jambo moja ningetamani liingie katika kila jiko na kila shamba, ni hili. Kwa hiyo mniwie radhi nikirefusha.

*

*Shikamoo Bibi. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Bombo. Tulipika nyama ya arusi usiku, tukaiacha kwenye sufuria kubwa, asubuhi tukaichemsha mpaka ikatokota ndipo tukapakua. Watu zaidi ya ishirini walitapika siku hiyohiyo. Wanasema sikuchemsha. Wallahi nilichemsha. Nimekosa wapi? — Mpishi, Bombo*

Marahaba, mama. Nakuamini. Nakuamini kwa sababu yaliyokupata niliyaona kwetu.

Nilikuwa bado mwanagenzi wa maabara tulipomwoza kaka yangu huko Tororo. Baba alikuwa mtu wa reli, na kambi nzima ilialikwa. Nyama ilipikwa usiku katika sufuria mbili kubwa, ikapoa polepole humohumo. Asubuhi sufuria ya kwanza ilirudishwa motoni ikatokota kwelikweli. Ya pili ilisahaulika nyuma ya mlango wa jiko. Watu walikula saa saba mchana. Saa kumi haijafika, shangazi yangu aliinuka ghafla kwenye mkeka, kanga mdomoni, na nyuma yake wakafuata wengine kama walioitwa. Jioni ile watu walikuwa wakinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, kwamba upande wa pili wametia kitu. Undugu wa siku moja ulitaka kuvunjika.

Kesho yake nilibeba kipande cha nyama ya sufuria ya kwanza mpaka kazini. Nikakipaka kwenye sahani ya damu, yaani kisahani cha kuoteshea vijidudu kilichochanganywa na damu ya kondoo, nikakiweka kwenye joto la nyuzi 37 hadi asubuhi. Hakikuota kitu. Msimamizi wangu akaandika daftarini: hakuna ukuaji. Kwa mujibu wa daftari, nyama ile ilikuwa safi, na wale waliokuwa wakinong'ona walipata nguvu.

Ni mama aliyeniokoa. Alikuwa anataka kumwaga ile sufuria iliyosahaulika, nikamwomba anichotee kijiko kimoja kwanza. Sahani ya nyama ile sitaisahau. Ilikuwa imejaa vidoa vya rangi ya samli, kila kimoja kama kichwa cha pini, na kila kidoa kilizungukwa na duara jeupe lililopenya nuru. Niliinyanyua dirishani, nikaweza kuuona mti wa nje kupitia kwenye maduara yale, wakati kwingineko sahani ilikuwa nyekundu tupu. Nilisimama pale nikitazama. Bakteria wenyewe walikuwa wamekaa katikati, hawakusogea hata unywele. Kilichotoka na kwenda kuzipasua chembe za damu pembeni yao ni protini waliyoituma.

Nikachukua vidoa viwili, nikavichanganya na plazima, yaani maji ya damu, ya sungura kwenye kijibomba cha kioo. Kufikia mchana plazima ilikuwa imeganda kama uji uliopoa. Hilo nalo lilifanywa na protini nyingine iliyotoka nje ya bakteria, na kwa kuganda huko tunamtambua stafilokokasi wa rangi ya dhahabu. Yaani hata sisi wa maabara hatumjui kwa sura yake tu, tunamjua kwa anachokitoa.

Mdudu huyu anakaa puani mwa karibu mtu mmoja katika kila watatu, mzima wa afya, bila kumdhuru. Anapenda vidonda na majipu. Mmoja wa waliochambua nyama usiku ule alikuwa na kidole kilichotunga usaha, amekifunga kitambaa. Hakuwa na nia mbaya. Alikuja kusaidia.

Sasa hesabu, mama. Kwenye chakula cha vuguvugu stafilokokasi anaweza kugawanyika kila baada ya nusu saa hivi. Mmoja aliyeanguka kwenye nyama saa tatu usiku, kufikia saa kumi na mbili asubuhi ni zaidi ya laki mbili na nusu. Na hao wote, wakishakuwa wengi, hutoa sumu ya protini inayochanganyika na mchuzi. Kiasi kisichofika sehemu moja ya milioni ya gramu kinatosha kumtapisha mtu mzima. Halafu ndipo unapowasha moto. Moto wako unawaua wote. Lakini sumu waliyokwisha kuitoa imefungamana vizuri mno: inaweza kutokota nusu saa kwenye nyuzi 100 na bado ikabaki na makali yake. Hata asidi ya tumboni haiiwezi. Inapogusa mishipa ya fahamu ya tumbo, mtu anatapika, pengine baada ya nusu saa, pengine baada ya saa sita au nane. Ndiyo maana wageni wako waliugua siku ileile. Maradhi ambayo mdudu mwenyewe anahitaji kuota ndani ya mwili, mara nyingi huchelewa zaidi.

Na ndiyo maana sahani yangu ya kwanza haikuota kitu. Nilikuwa namtafuta mdudu aliyekwisha kufa.

Wenye elimu waliliona hili zamani. Mwaka 1888 huko Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin waliotesha bakteria wa dondakoo kwenye supu, wakaichuja kwa chujio la kaure lenye matundu madogo kuliko bakteria. Maji yaliyopita hayakuwa na mdudu hata mmoja. Wakawadunga wanyama wa maabara maji hayo, na wanyama wakafa kwa dalili zilezile za dondakoo. Kumbe muuaji alikuwa kwenye maji. Lishike jina la Yersin, litarudi.

Kosa lako basi halikuwa kwenye moto wa asubuhi. Lilikuwa kwenye usiku. Nyama ya shughuli ipikwe alfajiri ya siku yenyewe. Ikibidi kupika jana yake, usiilaze kwenye sufuria kubwa: katikati ya sufuria ya kilo thelathini hubaki vuguvugu mpaka jogoo awike, hata kama juu pamepoa. Igawe kwenye sinia za kina kifupi, ipoe upesi, iingie kwenye friji. Huna friji, basi ibaki juu ya makaa, moto usioweza kutia kidole, mpaka ipakuliwe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Na kabla ya kuanza kazi, wakague wasaidizi wako mikono. Mwenye kidonda au jipu mpe kazi ya kuni, na umwambie kwa upole.

Mtu akishaugua kwa sumu hii, viuavijasumu havimsaidii, kwa kuwa hakuna wa kuuawa. Mpe maji yaliyochanganywa na ile paketi ya dukani ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji, kidogokidogo. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Mtoto mchanga, mzee au mjamzito asisubiriwe nyumbani.

Tafadhali wasomee barua hii hao wanaokusema.

*

*Bibi shikamoo. Nasoma Senior 5 hapa Arua. Mwalimu alisema bakteria hutoa protini nje ya seli. Nikamuuliza zinapita wapi, kwa sababu seli imezungukwa na utando wa mafuta na protini ni kubwa. Akasema tutafika huko. Hatukufika. Na kitu kisicho na ubongo kinajuaje wakati wa kuzitoa? — Mwanafunzi wa baiolojia, Arua*

Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako ni zuri, usiache kuliuliza.

Nimekulia karibu na stesheni ya Tororo, pale reli inapogawanyika: njia moja inakwenda Jinja na Kampala, nyingine inapanda Mbale, Soroti, Gulu, mpaka Pakwach mlangoni kwenu. Behewa halina akili. Ubavuni mwake baba alikuwa anachomeka kibao kinachosema linakwenda wapi, na likifika kibao kinachomolewa. Nilipokuja kusoma habari za protini nilicheka peke yangu, kwa kuwa kazi ya baba ilikuwa humo.

Protini hutengenezwa ndani ya bakteria kama uzi wa shanga, asidi amino moja baada ya nyingine. Zile zinazotakiwa kutoka nje huanza na shanga kama 20 ambazo kazi yake ni kibao tu. Sehemu ya kibao hicho inapenda mafuta, na utando, kama ulivyosema, ni mafuta. Kwenye utando kuna mlango uliojengwa kwa protini, unaitwa Sec. Kibao kinafika mlangoni, kinatambuliwa, kizibo cha mlango kinasogea. Mlango wenyewe ni mwembamba, kwa hiyo protini lazima ipite ikiwa bado uzi, haijajikunja. Nyuma yake kuna mtambo, SecA, unaousukuma uzi kidogokidogo, na kila msukumo unagharimu nishati ya seli. Upande wa pili kuna kimeng'enya kama mkasi kinachokikata kile kibao. Uzi unajikunja, unapata umbo lake, unaanza kazi. Seli haikupasuka wala haikuvuja.

Habari ya kibao tunaidai kwa Günter Blobel, aliyekuwa New York akichunguza seli za wanyama. Baadaye ikaonekana bakteria wana desturi hiyohiyo, nami naona hilo ni jambo la kustaajabisha: sisi na wao tumeachana tangu zama zisizosemeka, lakini vibao bado vinafanana. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1999, na fedha zake akazitoa kusaidia kujenga upya kanisa na sinagogi la Dresden, mji aliouona utotoni kabla haujateketezwa vitani.

Lakini hapo tumevuka utando mmoja tu. Mwaka 1884 Hans Christian Gram alipata namna ya kuwapaka bakteria rangi ambayo mpaka leo ndiyo kazi ya kwanza ya asubuhi maabara. Wapo wanaobaki zambarau na wapo wanaotoka waridi. Nimeipaka rangi hiyo mpaka kucha zangu zikawa zambarau hata siku za Idi. Wa zambarau, kama stafilokokasi wa mpishi wetu, ana utando mmoja, na nje yake ukuta mnene lakini wenye vinyweleo. Akishaivusha protini kwenye Sec, nyingi hujipenyeza. Wa waridi ana tando mbili, na protini iliyovuka wa kwanza inajikuta uani, bado haijafika barabarani.

Kipindupindu ni wa waridi. Sumu yake ina vipande sita: kimoja cha kudhuru na vitano vya kushikia. Vyote vinapita Sec kimojakimoja vikiwa nyuzi, vinakutana uani, vinajikunja na kuungana huko. Kisha mtambo wa pili, ulioanzia utando wa ndani hadi wa nje, unaisukuma sumu iliyokamilika kupitia tundu lenye geti, kama pampu ya kisima inavyosukuma maji. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja, na bakteria hajaingia ndani ya seli zake hata mmoja. Anakaa juu ya utumbo na kutuma. Mwaka 1959 huko Kolkata, daktari Sambhu Nath De alichuja bakteria wote wakatoka, akatia yale maji matupu kwenye kipande cha utumbo wa sungura, na utumbo ukajaa. Alifanya kazi hiyo kwa vifaa vya kawaida, na heshima aliyostahili haikumfikia kwa wakati.

Sasa nije kwenu West Nile, maana hapo ndipo kuna jibu la swali lako la pili. Wazee wa milimani upande wa mpaka wa Kongo watakusimulia habari za tauni, ya panya kufa kwanza na watu kufuata. Bakteria wa tauni aligunduliwa Hong Kong mwaka 1894 na Yersin yuleyule wa chujio la Paris, na ndiye aliyepewa jina lake. Huyu hana subira ya kumwaga sumu yake nje iende itakakokwenda. Ana sindano.

Si kusema kwa mfano. Kwenye darubini za elektroni inaonekana: kitako kimejikita katika tando zote mbili, na juu yake mrija mwembamba wa kama nanomita 60. Bakteria angekuwa mrefu kama mlango wa nyumba, sindano yake ingekuwa kama penseli fupi, na tundu la ndani lingekuwa na upana wa punje ya mtama. Seli nyeupe ya damu inapokuja kummeza, sindano inaigusa, na protini zinapita ndani ya tundu lile zikiwa zimenyooshwa kama uzi, kutoka tumboni mwa bakteria moja kwa moja hadi ndani ya askari wetu. Zinamlegeza viungo. Anashindwa kumeza, anashindwa kuita wenzake. Bakteria anaendelea kuzaana mbele yake.

Anajuaje wakati? Kwanza, joto. Ndani ya kiroboto kuna ubaridi wa nyuzi 26 hivi, na huko sindano haina kazi. Ujumbe wa kumtengeneza msimamizi wa sindano umekwisha kuandikwa, lakini umejikunja wenyewe kama karatasi iliyofumbatwa, hausomeki. Kiroboto akimuuma mtu, bakteria anaingia kwenye nyuzi 37. Joto lile linaikunjua karatasi. Ujumbe unasomwa, sindano zinajengwa. Hakuna ubongo uliohitajika, mjukuu wangu. Kiko kipande cha ujumbe kinachojifungua kwa joto, basi.

Pili, mguso. Sindano ikishajengwa ina kizibo, na kizibo hakitoki mpaka ncha iiguse seli. Kutengeneza protini ni gharama kubwa kwa kiumbe mdogo hivyo, na kuzimwaga ovyo ni kujifilisi.

Wengine huhesabiana. Stafilokokasi kila mmoja hutoa kipande kidogo cha protini, shanga saba hadi tisa tu. Wakiwa wachache, vipande hivyo vinapotea. Wakiwa wengi mahali pamoja, vinarundikana mpaka vinagusa kipokezi kwenye utando wa kila mmoja, na wote kwa pamoja wanabadili mwenendo: wanapunguza protini za kujishikiza, wanaanza kutoa zinazoshambulia. Ndiyo sababu nyama iliyokaa kwa saa mbili haina hatari ya nyama iliyokaa kwa saa tisa, na tofauti haiko kwenye idadi yao peke yake.

Na usidhani kila mwenye kuhesabu huhesabu kwa nia moja. Kipindupindu hufanya kinyume. Akiwa mchache utumbo mwako hutoa sumu. Wakishajaa, wanaizima, na badala yake wanatoa kimeng'enya cha kuwabandua ukutani, ili watoke na maji waende kwa mtu mwingine. Niliposoma hilo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nimehudumia watu wa kijiji cha wavuvi wakati wa kipindupindu, nikabeba ndoo, nikaona maji yale yakitoka meupe kama ya kuoshea mchele. Sikujua wakati ule kwamba kilikuwa kikosi kilichokwisha kuhesabiana na kuamua kuhama. Ndoo ile, jirani na ziwa, ilikuwa hatari kuliko tulivyodhani.

Ukisoma sayansi mbele ya safari, jua kuna watafiti wanaotafuta dawa za kuziba sindano hizi bila kumuua mdudu. Mdudu asiyeuawa hana sababu kubwa ya kujifunza kushinda dawa. Ni kazi nzuri kwa kijana mwenye maswali kama yako. Na kwa sasa, ukiona panya wanakufa ovyo kijijini, usiwaguse, toa taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo. Tauni ina dawa, ikiwahiwa.

*

*Bibi, mimi ni mkulima wa Luweero. Migomba yangu ina kiwotoka. Nikikata shina linatoa maji ya manjano kama usaha. Jirani anasema ni bakteria. Mgomba hauna damu wala tumbo, bakteria anaudhuru vipi? Nifanye nini? — Mkulima, Luweero*

Pole sana, baba. Jirani yako yuko sahihi. Mnyauko huu ulijulikana kwanza Ethiopia, kwenye mmea wa enseti ulio ndugu wa mgomba, na ukaonekana Uganda mwaka 2001 upande wa Mukono. Yale maji ya manjano ni bakteria wenyewe kwa mamilioni.

Mgomba hauna damu, lakini una seli, na kila seli ina namna ya kujilinda. Watafiti walioisoma hati nzima ya jeni za bakteria huyu walikuta ana vifaa vya kujenga sindano ya namna ileile niliyomweleza kijana wa Arua. Anadunga seli za mgomba protini za kuzima ulinzi wake, kisha anajaza njia za maji. Majani yananyauka wakati ardhi ina unyevu, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina kutu.

Anaingia kwa njia mbili hasa: wadudu wanaotua kwenye ua dume, na panga lako. Mkungu ukishatoa chana ya mwisho, livunje ua dume kwa kijiti chenye panda. Usilikate kwa kisu. Ukigusa shina gonjwa kwa panga, lichome panga motoni au lioshe kwa dawa ya klorini kabla halijagusa shina jingine, hata kama yametoka kichaka kimoja. Shina gonjwa likate chini kabisa mara tu dalili zinapoonekana, yaliyobaki hapo yaangalie kila wiki, si lazima ung'oe kichaka kizima. Usitoe machipukizi ya kupanda kutoka shamba gonjwa, hata kwa ndugu.

Huko Kawanda wataalamu waliwahi kupanda kwa majaribio migomba iliyotiwa jeni za pilipili hoho. Mojawapo ya jeni hizo inaufanya mmea ushtuke upesi unapohisi protini za bakteria, na seli iliyodungwa inajifisha pamoja na adui wake kabla hajaenea. Mimi nimeipenda akili ya jambo hilo. Panga safi, hata hivyo, unalo leo.

*

*Mama, nafua nguo za watu hapa Jinja. Sabuni ya unga wanasema ina vimeng'enya vya kuondoa madoa. Mbona nikitumia maji yaliyochemka doa la damu ndiyo linashika? — Dobi, Jinja*

Dada, umenichekesha kwa furaha, kwa kuwa vimeng'enya hivyo navyo ni vya bakteria. Yupo wa udongoni anaitwa basilasi, wa zambarau, mwenye utando mmoja. Njaa ikimkaribia hutoa nje protini za kukata protini nyingine, ili apate chakula kutoka kwenye majani yaliyooza. Viwanda vinamlea kwenye matangi makubwa, naye anaweza kutoa gramu 20 na zaidi kwenye kila lita. Kisha wanafanya kama Roux na Yersin: wanamtenga bakteria, wanabaki na maji. Vimeng'enya vilivyo ndani ya unga wako hupatikana kwa njia hiyo.

Sumu ya nyama niliyomweleza mpishi wa Bombo inastahimili kutokota. Hiki cha sabuni hakistahimili. Maji yaliyochemka yanakiharibu umbo kabla hakijaanza kukata, na papo hapo yanaigandisha damu kwenye uzi kama yai linavyoganda kikaangoni. Doa la damu lisuuze kwanza kwa maji baridi. Halafu loweka kwa sabuni kwenye maji ya vuguvugu, ya kumwogeshea mtoto, uiache usiku kucha. Asubuhi sugua kidogo tu. Na kama una mchubuko mikononi vaa glavu, maana kimeng'enya hakijui tofauti ya doa na ngozi yako.